Picha Zenye Muhuri wa R

Mchoraji wa Paris katika miaka ya 1860, kama alitaka brashi yake imlishe, alikuwa na mlango mmoja tu wa kupita. Mlango huo uliitwa Saluni. Si saluni ya kusukia nywele. Yalikuwa maonyesho makubwa ya serikali, yakifanyika Palais de l'Industrie, jumba lililokuwa kando ya barabara ya Champs-Élysées, na humo picha zilitundikwa fremu kwa fremu, kutoka chini hadi juu kabisa ambako mtazamaji alilazimika kukunja shingo. Nani atundikwe na nani arudi nyumbani liliamuliwa na jopo la waamuzi, wengi wao wazee wa Akademia ya sanaa ambao hawakuona sababu ya mambo kufanywa tofauti na walivyoyafanya wao ujanani. Picha wasiyoitaka ilirudishwa kwa mwenyewe ikiwa imegongwa nyuma muhuri wa herufi R, yaani imekataliwa. Mteja akiigeuza fremu akaiona hiyo R, biashara imekufa.

Mwaka 1863 waamuzi walipitiliza. Katika kazi zaidi ya 5,000 zilizopelekwa, walikataa zaidi ya nusu. Kelele zikawa nyingi mjini mpaka zikamfikia Kaizari Napoleon III, mtu ambaye sanaa haikumsumbua usingizi lakini siasa aliijua. Akaamuru picha zilizokataliwa zionyeshwe katika sehemu nyingine ya jumba lilelile, wananchi wakaamue wenyewe. Maonyesho hayo yalifunguliwa tarehe 15 Mei, na wananchi wakaenda kwa maelfu. Walikwenda kucheka.

Nakuanzishia hapa, wewe uliye kidato cha tatu au cha nne, kwa sababu vitabu vingi huifundisha sanaa ya kisasa kama orodha ya majina ya kukaririwa: Uimpreshonisti, Ufovisti, Ukubisti, na wenzao, kila mmoja na mwaka wake, kama wafalme wa nchi ya mbali. Kukariri huko ndiko kunakoichosha. Mikondo hii ilikuwa magomvi. Ukitaka kuujua mmojawapo, tafuta picha yake iliyokataliwa, kisha uliza nani aliikataa.

Picha iliyochekwa kuliko zote mwaka ule ilikuwa ya Édouard Manet, kijana wa familia yenye mali, baba yake afisa wa mahakama. Leo inaitwa Le Déjeuner sur l'herbe, chakula cha mchana majanini. Ina upana wa zaidi ya mita mbili na nusu. Chini ya miti wameketi wanaume wawili waliovaa makoti na tai za siku zile, wamo katika mazungumzo. Pembeni yao ameketi mwanamke aliye uchi kabisa, kidevu mkononi, na hawatazami wao. Anakutazama wewe.

Usidhani Paris ilishtushwa na uchi. Mwaka uleule, ndani ya Saluni yenyewe, Alexandre Cabanel alitundika picha ya mungu wa kike Venus amelala juu ya mawimbi bila hata uzi, na Kaizari akainunua. Tofauti ni kwamba Venus yule hakuwa mtu. Mwanamke wa Manet, ambaye mfano wake alikuwa Victorine Meurent, alikuwa amevua nguo zake dakika chache zilizopita: gauni la buluu na kofia ya majani ndizo hizo chini, karibu na kikapu cha matunda kilichopinduka. Hakuna hadithi ya kale ya kumsitiri. Na jinsi ilivyochorwa iliwaudhi watu vilevile. Akademia ilifundisha kwamba mwili huumbwa taratibu kutoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga, kivuli kikiyeyuka ndani ya kivuli, na mwisho kila alama ya brashi ifutike. Manet aliruka hatua za kati. Mwili wa yule mwanamke ni mweupe, bapa, kana kwamba taa imewashwa usoni pake ghafla. Na mwanamke mwingine kule nyuma, anayeoga mtoni, ni mkubwa mno kwa umbali aliopo. Manet alijua kuchora, usiwe na wasiwasi. Aliamua kutokuficha kwamba picha ni kitambaa kilichopakwa rangi.

Kwa nini wakati ule, na si miaka 100 kabla? Ziko sababu za studioni, na ziko za dukani. Mwaka 1839 Louis Daguerre alitangaza njia yake ya kupiga picha kwa mwanga, na katika muda wa miaka michache mtu wa kawaida aliweza kupata sura yake bila kumlipa mchoraji. Kazi ya kunakili sura, iliyowalisha wachoraji karne kwa karne, ilianza kuchukuliwa na mashine. Halafu mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, alibuni kitu kidogo kinachofanana na dawa yako ya meno: tyubu ya bati yenye kifuniko. Kabla yake rangi ya mafuta ilihifadhiwa ndani ya kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi. Ukikitoboa, rangi inaanza kukauka. Tyubu ilimruhusu mchoraji kutia rangi zake mfukoni, kupanda treni, ambayo nayo ilikuwa mpya, na kwenda kuchora nje kutwa nzima akirudi jioni.

Waliopanda treni hiyo wakawa mkondo wa kwanza wenye jina. Claude Monet, Pierre-Auguste Renoir, Camille Pissarro, Alfred Sisley, Berthe Morisot na wenzao walichoka kusubiri huruma ya waamuzi. Tarehe 15 Aprili 1874 walifungua maonyesho yao wenyewe, nambari 35 boulevard des Capucines, katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpigapicha Nadar. Ndiyo, waliazima nyumba kwa mtu wa kamera. Manet alialikwa akakataa. Mpaka kufa kwake aliendelea kubisha hodi kwenye Saluni, na mimi simlaumu, maana kuna watu ambao ushindi wao lazima upatikane kwenye uwanja uleule walioshindwa.

Monet alitundika picha ndogo ya bandari ya Le Havre alfajiri, akaiita Impression, soleil levant, yaani taswira ya haraka ya jua likichomoza. Mwandishi wa gazeti la vichekesho, Louis Leroy, akalinyakua neno hilo na kuwabandika wote: Waimpreshonisti, watu wa taswira za haraka haraka. Alikusudia tusi. Tusi likageuka jina la ukoo.

Jaribu jambo moja na picha hii. Ipate kwenye simu, uitazame: anga la kijivu cha buluu, maji ya rangi hiyohiyo, mashua mbili kama kivuli, na jua la chungwa linalowaka mpaka linataka kutoka nje ya fremu. Sasa igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Jua linakaribia kutoweka. Monet alilipa mwangaza karibu sawa na wa anga lililolizunguka. Linalokupiga machoni ni rangi peke yake. Mtu aliyesema picha hii imelipuliwa kama kazi ya Ijumaa jioni hakuwa amekaa mbele yake vya kutosha.

Kazi yao ilikuwa hiyo: kuchora mwanga, na vitu ni pahali mwanga ulipotua tu. Monet alikuja kuchora uso wa kanisa kuu la Rouen zaidi ya mara 30, asubuhi, adhuhuri, ukungu ulipoanguka, akibadilisha turubai jua linapohama. Walifanya maonyesho manane kati ya 1874 na 1886, wakigombana, wakitoka na kurudi. Na katika yale ya mwisho akajitokeza kijana mkimya, Georges Seurat, na turubai la upana wa mita tatu hivi lililojaa watu wanaopumzika kisiwani siku ya Jumapili. Lote limechorwa kwa vinukta. Seurat alikuwa amesoma maandishi ya Michel-Eugène Chevreul, mkemia wa kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Wateja walilalamika kwamba uzi mweusi wa kiwanda umepauka. Chevreul akachunguza akakuta rangi ya uzi haina kosa, ila uzi wa jirani ndio unaoupokonya weusi wake. Mama anayechagua kanga dukani analijua hili bila kemia: nyekundu ikikaa karibu na kijani, zote mbili zinawaka. Seurat alilifanya sayansi, akachukua takriban miaka miwili kulimaliza turubai lile, na akafariki mwaka 1891 akiwa na miaka 31.

Vincent van Gogh alipita Paris wakati huohuo, akavichukua vinukta hivyo akavirefusha vikawa michirizi. Februari 1888 alihamia Arles, kusini, akiishi kwa fedha za mdogo wake Theo aliyekuwa akiuza picha. Alikuwa na ndoto ya nyumba ya wachoraji, wanaoishi pamoja kama watawa. Kwa sababu alipenda sana picha za kuchapwa za Kijapani, na alisikia kwamba wasanii wa huko hubadilishana kazi, aliwaomba rafiki zake nao wabadilishane picha za sura zao. Yake aliyomtolea Paul Gauguin aliichora Septemba 1888. Amejichora kichwa kimenyolewa, mashavu yamebonyea, macho ameyainamisha kidogo kama ya mtawa wa Kibudha, na nyuma yake hakuna chochote ila kijani kibichi chepesi, brashi imekwenda ikizunguka kichwa kama maji yanayozunguka jiwe. Ikumbuke picha hii. Gauguin alifika Oktoba. Ndoto ilidumu miezi miwili, ikaishia usiku wa tarehe 23 Desemba kwa wembe na sikio lililokatwa. Julai 1890 Vincent alikuwa amekufa, miaka 37.

Gauguin alikwenda Tahiti akitafuta watu wasioguswa na Ulaya, akakuta wamishonari walikwisha kumtangulia. Paul Cézanne, aliyewahi kuchekwa pamoja na wengine mwaka 1874, alirudi kwao Aix akauchora mlima mmoja, Sainte-Victoire, tena na tena, akitafuta chini ya mwanga ule unaopita kitu kisichopita: mifupa ya mlima. Alipofariki mwaka 1906 vijana wa Paris walikuwa wameshaanza kumwita mwalimu.

Karne mpya ilikuwa na saluni mpya. Moja iliitwa Salon d'Automne, iliyoanzishwa 1903 ili vijana wapate pa kupumulia. Mwaka 1905 chumba kimoja kilitundikwa picha za Henri Matisse, André Derain na wenzao, na katikati ya chumba kulikuwa na sanamu ya kichwa iliyochongwa kwa mtindo wa kale. Mhakiki Louis Vauxcelles akasema mchongaji wa kale kaangukia kwa wanyama wakali. Wanyama wakali kwa Kifaransa ni fauves, basi wakawa Wafovisti. Picha iliyomtia wazimu kila mtu ilikuwa ya mke wa Matisse amevaa kofia: pua ina mstari wa kijani, shingo ina chungwa, na kofia ni ghala zima la matunda yaliyoangushwa. Ugomvi hapa ni mmoja na unaeleweka: je, rangi ni mtumwa wa kitu, au inaweza kwenda ilikotumwa na moyo wa mchoraji? Matisse alijibu, na familia ya Stein kutoka Marekani ikainunua.

Ni huyohuyo Matisse aliyeingia duka moja la vitu vya kale mwaka 1906, akanunua sanamu ndogo ya mbao ya Wavili wa Kongo, akaenda nayo nyumbani kwa Gertrude Stein, ambako Pablo Picasso alikuwepo. Mhispania huyo wa miaka 25 aliishika mkononi na inasemekana hakutaka kuiachia. Mwaka uliofuata aliingia makumbusho ya Trocadéro, mahali penye vumbi na harufu mbaya kwa maelezo yake mwenyewe, palipojaa vinyago vilivyoletwa kutoka makoloni, akatoka mtu mwingine. Hapa sharti nisimame kidogo. Ukisoma historia hii utakuta jina la Picasso, jina la Matisse, jina la mwenye duka hata, lakini mchongaji wa Kongo hana jina. Alikuwa fundi aliyejifunza kwa fundi, mwenye wateja wanaomjua. Njiani kwenda Paris jina lilidondoka na hakuna aliyeinama kuliokota. Walioitazama kazi yake waliona humo ruhusa waliyokuwa wakiitafuta, kwamba uso unaweza kujengwa upya badala ya kunakiliwa. Maana yake kwa waliomwagiza aichonge hawakuiuliza.

Picasso alitumia nusu ya mwaka 1907 na madaftari mengi kuandaa Les Demoiselles d'Avignon: wanawake watano wa danguro, warefu kuliko mtu mzima, miili imekatwa kama kwa shoka, nyuso mbili za kulia zimekuwa vinyago. Safari hii hapakuhitajika jopo la waamuzi. Marafiki zake waliikataa wenyewe. Matisse alikasirika akidhani anadhihakiwa. Picha ikakaa studioni, na umma haukuiona mpaka 1916.

Rafiki mmoja aliyeshtuka alirudi nyumbani akafikiri. Georges Braque alikuwa mtoto na mjukuu wa mafundi rangi za nyumba, na yeye mwenyewe alisomea ufundi huo: kupaka ukuta ufanane na marumaru, kukwaruza rangi mbichi kwa kitana ili mlango wa mbao rahisi uonekane wa mwaloni. Mwaka 1908 alikwenda kijiji cha L'Estaque, karibu na Marseille, ambako Cézanne alichora, akarudi na nyumba zisizo na milango wala madirisha, zimelundikana kama maboksi mlimani. Akazipeleka Salon d'Automne, ile saluni ya vijana. Zikakataliwa. Na miongoni mwa waamuzi alikaa nani? Matisse, mnyama mkali wa miaka mitatu iliyopita. Mkuki kwa nguruwe. Mfanyabiashara kijana, Daniel-Henry Kahnweiler, akazitundika kwenye duka lake dogo mwezi Novemba, na Vauxcelles yuleyule, ambaye angepaswa kulipwa kwa kazi ya kubatiza, akaandika kwamba jamaa huyu anageuza kila kitu kuwa michemraba. Ukubisti ukapata jina.

Kwa miaka sita Braque na Picasso walitembeleana karibu kila siku, hata picha zao zikawa ngumu kutofautishwa. Swali lao lilikuwa hili: ukikitazama kikombe huwi mahali pamoja, kichwa kinainama, unakijua mdomo wake ni duara hata unapouona kama mstari. Kwa nini picha ikilazimishe kikombe kuwa na upande mmoja? Basi wakakivunja na kukitandaza. Ilipofika 1912 picha zilikuwa zimevunjika mno kiasi kwamba zilihitaji kushikizwa kwenye dunia. Hapo ufundi wa nyumbani kwa Braque ukafaa. Alimwonyesha Picasso kitana cha kukwaruzia mbao za bandia. Kisha akiwa Avignon akaona dukani karatasi ya ukutani iliyochapwa mfano wa mwaloni, akainunua, akaikata, akaibandika kwenye mchoro wa bakuli la matunda na bilauri. Mbao isiyo mbao, imebandikwa na fundi wa mbao zisizo mbao. Picasso naye siku hizo alianza kutumia Ripolin, rangi ya makopo ya kupakia milango na mashua. Miaka zaidi ya 50 baadaye, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga angechukua rangi za mafuta za namna hiyo, za mng'ao, na kuchora wanyama kwenye mbao laini za dari. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Kopo la rangi ya nyumba lipo kila mji, na ni bei nafuu.

Paris haikuwa peke yake. Dresden, mwaka 1905, wanafunzi wanne wa usanifu majengo wakiongozwa na Ernst Ludwig Kirchner walianzisha kikundi walichokiita Daraja, wakachora mitaa na watu kwa rangi kali na mistari iliyochanwa, wakitaka hofu na tamaa za ndani zionekane usoni. Huo ni Ueksipreshonisti. Italia ikatoa Wafyutcharisti, wapenzi wa magari, kasi na vita, ambao nitawapita kwa kasi waliyoipenda. Munich alikaa Mrusi Wassily Kandinsky. Anasimulia mwenyewe kwamba jioni moja aliingia studioni akakuta picha nzuri ajabu asiyoitambua, maumbo na rangi tupu, akasogea akagundua ni yake, imeegeshwa ukutani kwa ubavu. Akaanza kujiuliza kama kile kitu kilichochorwa hakikuwa ndicho kinachoiharibu picha. Kazimir Malevich alilijibu swali hilo kikatili zaidi: Desemba 1915, mjini Petrograd, alitundika mraba mweusi juu ya turubai jeupe lisilofika sentimita 80, na aliuweka juu kwenye kona ya chumba, pale ambapo nyumba za Warusi huweka sanamu takatifu. Watu huniambia hata mtoto angeweza kuchora ule mraba. Angeweza. Lakini mtoto asingejua kona.

Wakati huo Ulaya ilikuwa ikichinjana. Braque alijeruhiwa vibaya kichwani mwaka 1915 akapona. Franz Marc, mwenzake Kandinsky, aliuawa Verdun 1916. Mjini Zürich, katika nchi isiyopigana, wakimbizi kadhaa wakiwemo Hugo Ball, Emmy Hennings na Tristan Tzara walifungua kilabu Februari 1916, Cabaret Voltaire, wakawa wanasoma mashairi ya sauti zisizo na maneno huku ngoma ikipigwa. Kama akili na ustaarabu ndivyo vilivyoileta vita hii, walisema, basi sisi tutakuwa wapumbavu. Walijiita Dada. Kwa Kifaransa ni farasi wa kuchezea watoto. Kwa Kiromania ni ndiyo, ndiyo. Kwa Kiswahili unajua mwenyewe, na nadhani wangefurahi kusikia.

Nabii wao mkubwa hata hivyo alikuwa mtu wa peke yake, Marcel Duchamp. Machi 1912 alipeleka picha ya mwili unaoteremka ngazi, hatua juu ya hatua kama filamu iliyosimamishwa, kwenye Salon des Indépendants. Saluni hii haikuwa na waamuzi. Kauli yake tangu 1884 ilikuwa hiyo. Lakini Wakubisti, wakiwa sasa na chumba chao na kanuni zao, waliona mwili wa Mkubisti hauteremki ngazi. Waliwatuma kaka zake wawili, wamevaa rasmi, wamwombe angalau abadilishe jina la picha. Duchamp hakubishana. Alichukua teksi akaibeba picha akaondoka nayo. Mwaka uliofuata ilionyeshwa New York ikawa kioja cha mji mzima, ikauzwa dola 324.

Dawa yake ilichukua miaka mitano kuiva. Mwaka 1917 New York nayo ilikuwa na chama kipya cha wasanii huru: lipa dola 6, kazi yako itaonyeshwa, hakuna waamuzi, hakuna zawadi. Duchamp alikuwa kwenye bodi. Akanunua dukani chombo cha kauri cha kukojolea wanaume, kile kinachofungwa ukutani na fundi bomba, akakilaza chali, akakitia sahihi ya uongo ya R. Mutt, akakiita Fountain, yaani chemchemi, akakituma pamoja na dola 6. Bodi ilibishana vikali. Kisha chama kisichokataa kikakataa. Duchamp akajiuzulu bila kusema aliyetuma ni nani. Mpigapicha Alfred Stieglitz alikipiga picha chombo hicho, na ni bahati, maana chenyewe kilipotea. Vile vinavyoonyeshwa leo ni nakala zilizoidhinishwa baadaye. Kuhusu kama kile ni sanaa, wanafunzi wangu wamenipigia kelele madarasa mengi. Mimi huwauliza nani alikuwa na mamlaka ya kusema hapana, na kwa kanuni ipi. Hapo huanza kusikilizana.

Miongoni mwa waliotoka Dada alikuwa André Breton, aliyehudumu wakati wa vita katika wodi za askari waliovurugika akili, akasikia humo maneno ambayo hakuna mshairi mzima angeyaunganisha. Alipomsoma Sigmund Freud, alitangaza mwaka 1924 Usurealisti: ndoto ipewe kalamu. Salvador Dalí aliipa brashi, na kwa ufundi wa Akademia kabisa, uliolainishwa bila alama. Saa zake zinazoyeyuka za 1931 zimo kwenye turubai dogo kuliko ukurasa wa gazeti. Sipendi sana Dalí, lakini wanafunzi humpenda mara moja, na walimu wenzangu wanajua kwamba hilo si jambo dogo.

Katika hadithi hii kuna mchoraji mmoja aliyekataliwa ambaye bado sijamtaja. Mwaka 1907, na tena 1908, Akademia ya Vienna ilimnyima nafasi kijana aliyechora majengo kwa unadhifu na watu kwa shida. Jina lake Adolf Hitler. Alipoishika Ujerumani mwaka 1933 alikuwa na jopo la waamuzi ambalo Napoleon III hakuliota. Walimu walifukuzwa, shule ya sanaa ya Bauhaus ikafungwa, na mwaka 1937 kamati ilizunguka makumbusho ya umma ikinyang'anya picha. Tarehe 18 Julai yalifunguliwa Munich maonyesho ya sanaa ambayo Hitler aliipenda, katika jumba jipya lenye nguzo. Siku iliyofuata, si mbali na hapo, katika vyumba vyembamba na vyenye mwanga hafifu, yalifunguliwa maonyesho ya sanaa potovu. Kazi kama 650, za Kirchner, Kandinsky, Marc na wengine, zilitundikwa vibaya makusudi, nyingine zimepinda, ukutani yameandikwa maneno ya dhihaka, na bei zilizolipwa kwa kodi za wananchi. Mchoraji Emil Nolde alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi. Hata hivyo zaidi ya kazi zake 1,000 zilitolewa kwenye makumbusho. Kiingilio kilikuwa bure. Zaidi ya watu milioni 2 walikwenda, wengi zaidi kuliko waliokwenda kwenye jumba la nguzo. Wengi walicheka, kama Paris ya 1863. Wengine walijua kwamba wanaaga. Kirchner, huko Uswisi, alijiua kwa bunduki Juni 1938.

Kiangazi kilekile cha 1937, Paris, katika banda la Hispania kwenye maonyesho ya dunia, lilining'inia turubai la Picasso la urefu wa karibu mita nane. Ndege za Kijerumani zilikuwa zimeupiga mabomu mji wa Guernica tarehe 26 Aprili, na yeye alifanya kazi kuanzia mwanzo wa Mei hadi Juni, kwa nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Farasi analia, mama ameshika mtoto aliyekufa, mkono unatoka dirishani na taa. Mwili uliotandazwa na Wakubisti ili kuchunguza kikombe ulikuwa umepata kazi nyingine.

Serikali ya Hitler ilidharau picha zile lakini haikudharau fedha za kigeni. Tarehe 30 Juni 1939, mjini Lucerne, Uswisi, picha na sanamu 125 zilizonyang'anywa ziliwekwa mnadani katika hoteli kubwa kando ya ziwa. Wapo waliosusia, wakisema kila faranga italipia risasi. Wapo waliokwenda, wakisema zikibaki huko zitachomwa. Bei ya juu kuliko zote ilipatikana kwa picha ya mtu aliyenyoa kichwa, macho ameyainamisha, nyuma yake kijani kibichi chepesi. Gauguin aliachana nayo zamani, ikapita mikono kadhaa, ikafika makumbusho ya Munich, ikatolewa humo. Vincent aliitoa bure, kwa kubadilishana na rafiki. Mnunuzi kutoka Marekani aliichukua kwa faranga 175,000 za Uswisi, na leo ipo Chuo Kikuu cha Harvard.